Darubini ya milimita 70: boksi linasema 525, anga la Mombasa linasema 140

Inayouzwa kwa wanaoanza kutazama nyota ni hii: lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 70, urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale inapokusanya mwanga) milimita 700, lenzi mbili za jicho (milimita 20 na milimita 4), lenzi ya kuzidisha mara tatu, kioo cha pembe, stendi ya alumini ya miguu mitatu, na kidarubini cha kulengea. Ubavuni mwa boksi kuna picha ya galaksi yenye rangi za zambarau na waridi, na chini yake namba kubwa: 525X.

Tuanze na hiyo namba. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho. 700 kwa 20 ni 35. 700 kwa 4 ni 175, na ukiizidisha mara tatu unapata 525. Hesabu ni sahihi, ila jicho halifaidiki. Lenzi ya milimita 70 haina mwanga wa kutosha kuvuka ukuzaji wa mara mbili ya upana wake, yaani 140. Kutoka 35 hadi 525 mwanga uleule umetandazwa juu ya eneo kubwa mara 225, basi sayari ya Mshtarii (Jupiter) anageuka doa la kijivu linalotikisika, na kwa kuwa Dunia inazunguka, nusu dakika haiishi kabla hajatoka kwenye duara la kuonea. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lenzi ya milimita 4 na ile ya kuzidisha ziacheni ndani ya boksi. Badala yake nunua lenzi moja nzuri ya milimita 10, upate ukuzaji wa 70. Kitako cha lenzi kiwe cha inchi moja na robo. Darubini zenye tundu dogo zaidi la lenzi ya jicho ziache dukani, kwa sababu vipuri vyake ni shida kuvipata.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa ni stendi, na kwa Mombasa ndilo la kwanza. Mji uko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Toleo la bei ya juu kidogo huja na stendi ya kiikweta, yenye mkono wa mzani na magurudumu ya namba, na mtu hudhani amepata bora. Stendi hiyo hutaka mhimili wake uinuliwe kwa nyuzi sawa na latitudo ya mahali. Kwa nyuzi 4 mhimili unalala karibu sambamba na ardhi. Nyingi hazishuki kiasi hicho, na zinazoshuka, mzani hugonga mguu wa stendi. Karatasi ya maelekezo nayo hukwambia ulenge Nyota ya Kaskazini, ambayo kwa Mombasa haichomozi hata siku moja. Chukua ile stendi nyepesi ya juu-chini na kushoto-kulia.

Nayo ina ila yake. Kwetu sayari hupita juu sana, na kundi la Jabari, lile la nyota tatu za mshipi, hupita karibu utosini. Ukiinua darubini wima, kitako chake hugota kwenye miguu ya stendi. Dawa ni kusubiri: tazama kitu saa mbili kabla hakijafika juu kabisa au saa mbili baada ya kupita. Miguu yenyewe ni mabomba matupu. Ukiivuta yote, pepo za kaskazi zinaitikisa kama unyasi. Usiivute. Kaa kwenye kigoda, kisha ning'iniza chupa ya maji ya lita tano chini ya kisahani cha katikati. Tofauti utaiona papo hapo.

Kidarubini cha kulengea kinyooshwe mchana, kwa kulenga kitu cha mbali kisichosogea, mfano ncha ya mnara wa simu ng'ambo ya maji. Wengi huruka hatua hii, kisha usiku husema darubini ni mbovu.

Ukishatulia hapo, chombo kinalipa. Mwezi utazame siku ya saba au ya nane tangu uandame, si mpevu: kwenye mpaka wa mwanga na giza vivuli vya mashimo ni virefu na kila kitu kinajitokeza. Mshtarii kwa ukuzaji wa 70 anaonyesha mikanda miwili ya kahawia na miezi minne, ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Io, mmoja wa miezi hiyo, anamaliza mzunguko wake kwa saa 42 na nusu tu, hivyo mpangilio wa kesho si wa leo. Zuhura anaonyesha umbo la hilali. Zohali (Saturn) anahitaji subira: pete zake zilitugeukia ubavu Machi 2025 zikawa uzi, na zinafunguka mwaka hadi mwaka kufikia 2032. Mirihi ni kidonge chekundu, hufaa miezi michache tu kila baada ya miezi 26 hivi. Uranus na Neptune ni vidoa, basi.

Galaksi ndiyo inayovunja watu moyo, kwa sababu ya ile picha ya boksi. Galaksi ya Andromeda iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Novemba saa tatu usiku iko upande wa kaskazini, katikati ya upeo na utosi, na utakachoona ni moshi wa kijivu wenye kiini angavu kidogo. Zile rangi hukusanywa na kamera kwa muda mrefu. Jicho halina uwezo huo. Tumia ukuzaji wa 35, si zaidi. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, huonekana kusini mwezi Januari, lakini si kwa kusimama karibu na taa za Nyali au Mama Ngina. Ukipata giza la Diani au Msambweni, usiku usio na mwezi, inafaa safari.

Jua: ikiwa ndani ya boksi kuna kichujio kidogo cheusi cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho, kitupe. Hukaa mahali ambapo joto lote limekusanyika, kinaweza kupasuka ghafla, na jicho likaharibika milele. Kichujio salama hufunika lenzi ya mbele, na hicho ndicho kitakachokuonyesha madoa ya jua. Agosti 2, 2027 jua litapatwa kwa sehemu hapa Mombasa, agizeni mapema.

Kinachoua darubini hizi pwani ni hewa. Ukiitoa chumba chenye AC moja kwa moja hadi darini, lenzi inafunga ukungu. Iache nje nusu saa ikiwa na kifuniko. Dari la zege nalo hutoa joto hadi saa tatu au nne za usiku na picha hucheza kama maji; bora uwanjani kwenye nyasi. Usikimbilie kufuta chumvi kwa nguo kavu, utakwaruza: puliza kwanza kwa pampu ya mpira, ndipo upitishe pamba yenye maji ya kusafishia lenzi. Hifadhi kwenye ndoo au kontena la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na usiifungie ikiwa bado na umande.

Kabla ya kulipa, omba kutazama lenzi ya mbele kwa tochi ya simu, ukimulika kwa ubavu. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, imekaa dukani muda mrefu mno. Omba nyingine.