Maziwa ya soja ya kale kabutiki ka kushuka Nguba: maziwa ni nzuri, ile karatasi ku mlango waitoe

Nimekunywa hii maziwa ya soja tangu mwezi wa nane, karibu kila siku, kwa hiyo naona nimefikia siku ya kuisemea. Ni kale kabutiki kenye mlango wa bluu hapa Bukavu, ukiwa unashuka kuelekea soko ya Nguba, mabenchi mbili nje na frigo moja inayounguruma. Jina sitaweka juu niko na neno la kumlaumu mama mwenyewe, na sitaki watu wamuvamie, ni mama wa kazi kabisa na bado namununulia.

Nilifika pale juu ya pua. Mi niko na sinizite ya muda mrefu, ni kusema uvimbe wa matundu ya mifupa kandokando ya pua, siyo mafua ya siku tatu. Munganga alinielezaga kwamba ikipitisha wiki 12 bila kuisha hiyo ni ya kudumu, na yangu ilikuwa inaelekea miaka miwili. Inapungua kidogo wakati wa mvua, alafu mwezi wa saba na wa nane, wakati vumbi ya mitaa ya Essence na Panzi inasimama hewani na majani ya migomba inageuka rangi ya udongo, inarudi na nguvu zake zote. Asubuhi naamka upande moja wa pua umeziba, kamasi nzito inashuka nyuma ya koo, sisikii harufu ya chakula. Siku moja mu misa niliinama kuokota kitabu cha nyimbo, nikasikia kitu kama jiwe imeteleza ndani ya paji la uso ikakuja kugonga nyuma ya jicho la kushoto, watu wakasimama kwa Injili na mi niko bado nimeinama nimeshika benchi ya mbele, naogopa hata kugeuza shingo. Antibiotiki nilikuwa nimeshakunywa mara tatu ndani ya mwaka moja.

Sasa kila mtu alikuwa ananiambia neno moja: yaya, acha maziwa, maziwa njo inaleta kamasi. Jirani alisema, mtu wa kwaya alisema, mpaka fundi wa nguo yangu. Kusema acha maziwa ni rahisi kama siyo wewe Mushi, mtu wa kabila la Bashi, wa Kabare. Kwetu ng'ombe ndio mahari, na bugali na mashanza, maziwa yetu ya kuganda, ndio chakula unamuwekea mgeni unayemuheshimu. Mama yangu anatutumiaga bidoni ya mashanza karibu kila juma. Nilipomupigia simu kumwambia asitume kwanza, alinyamaza, alafu akaniuliza pole pole, "Mwana wangu, hiyo ng'ombe imekukosea nini?" Iliniuma, nawaambia ukweli. Lakini nilikuwa nimechoka, niliacha vyote: mashanza, fromaji, maziwa ya unga mu chai, hata biskuti za maziwa.

Ndio nikafika ku butiki. Nilipenda kwanza kwamba anafanyia kazi mbele ya watu. Soja inalala mu maji usiku kucha, asubuhi anaisugua kati ya viganja mpaka maganda inaelea juu, anayamwaga, anarudisha maji tena, mara tatu, mara ine. Anasaga, anakamua mu kitambaa cheupe, na kile kitambaa anakizungusha na mikono miwili mpaka mishipa ya mkono inasimama na maziwa inatoka kama uzi. Alafu anachemsha, na hapa nilimuheshimu sana juu hafanyi haraka, ikipanda povu anapunguza moto na kuendelea, dakika 20 nilizihesabu mwenyewe. Soja mbichi haitakiwi kunywewa, iko na vitu vinavyozuia tumbo kusaga chakula vizuri, na moto wa kutosha njo unavipunguza. Wengine naonaga wanatoa ikichemka mara ya kwanza tu, ukikunywa unasikia ule uchungu wa maharagi mbichi ku ulimi. Yake haina hiyo. Iko nzito kidogo, tamu kidogo, ile ya tangawizi ukikunywa ya moto asubuhi na baridi ya Bukavu, unasikia mpaka mu kifua. Nusu litre ni 1000 FC, ukileta chupa yako anakuongezea kidogo.

Makosa iko. Mara mbili nilinunua siku ya kwanza ya juma nikakuta imeanza kuchacha, bila shaka ilikuwa ya siku ya posho, ni kusema Jumamosi, na umeme ulikuwa umekatika, na msichana aliyekuwa pale aliniuzia bila kuniambia. Walinirudishia mafranga bila maneno, lakini ningekuwa nimempa mtoto ingekuwaje? Na zile chupa za maji wanazotumia tena siziamini, naendaga na yangu.

Kitu kikubwa ni ile karatasi ku mlango. Wameandika kwa kalamu nyekundu kwamba maziwa ya soja inaponyesha sinizite, na chini yake, inafaa mtoto mchanga kuliko maziwa yote. Hapa njo nataka tusikilizane.

Kweli, wiki sita za kwanza bila maziwa ya ng'ombe nilisikia nafuu. Ku siku ya kumi hivi koo ilikuwa nyepesi na niliambia watu wote, nilishuhudia mpaka ku kikundi chetu cha maombi. Lakini baadaye nilijikalia nikafikiri. Ni wiki hizo hizo mvua ya mwezi wa tisa ilianza na vumbi ikalala. Tena ni wiki hizo nilitoa mbabula, jiko la makala, ndani ya nyumba, juu dirisha yangu ya jikoni haifunguki na moshi ya makala ilikuwa inanipiga usoni kila jioni. Na nilianza kuosha pua na maji ya chumvi, asubuhi na jioni, vile munganga alikuwa ananiambiaga tangu zamani na mi sifanyi. Vitu ine kwa mara moja, alafu sifa yote nikapatia soja!

Nilirudi kwa munganga wa pua na masikio nikamuuliza wazi. Hakunicheka. Alisema maziwa ikichanganyika na mate inakuwa nzito kidogo ku koo, na mtu anafikiri ni kamasi mpya imetengenezwa. Alinieleza kwamba kule Australia watafiti walichapisha mwaka 1990 kazi waliyofanya na watu wazima 60: waliwatia virusi ya mafua mu pua, wakaandika maziwa kila mtu anakunywa, wakapima uzito wa kamasi inayotoka. Wanywaji wa maziwa hawakutoa kamasi kushinda wengine. Ila wale walioamini kwamba maziwa inaleta kamasi walilalamika zaidi. Na baadaye walilinganisha maziwa ya ng'ombe na ya soja yenye ladha moja, bila watu kujua ni gani, na ule uzito wa koo waliusikia ku zote mbili. Aliongeza kwamba alerji ya kweli ya maziwa iko, na ni jambo la hatari, ngozi inavimba, mtu anatapika, pumzi inabana, huyo asijaribu-jaribu, aende hospitali.

Nilijaribu mwenyewe mwezi wa kumi na moja. Wiki nzima, glasi mbili za mashanza kila siku. Koo ilikuwa nzito dakika chache, ndiyo, lakini pua ilibaki wazi, na niliinama kufunga viatu bila jiwe kugonga. Jioni moja ya wiki iliyofuata mvua ilinyesha vibaya, nikarudisha mbabula ndani kupika maharagi. Kesho yake pua imeziba pande zote mbili. Kwangu mi, adui ni moshi na vumbi. Pengine kwako ni kingine, lakini usifukuze ng'ombe kabla hujaangalia jikoni.

Kuhusu kuosha pua, juu watu watauliza: maji ichemke kwanza alafu ipoe, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi mu kikombe kimoja, usitie maji ya robinet moja kwa moja.

Na mtoto mchanga, hapo nilikasirika kabisa. Siku moja nilikuta mama na mtoto wa miezi mitano ku mgongo, anasoma ile karatasi, anataka kuanza kumpatia mu biberon. Soja ya kukamua nyumbani haina vyote mtoto wa chini ya mwaka moja anahitaji, haiwezi kushika nafasi ya maziwa ya mama. Nilimuita kando nikamwambia, alinishukuru. Hata sisi wakubwa tukikamata soja peke yake, kalisiamu ni kidogo sana kulinganisha na maziwa ya ng'ombe, bora uongeze sambaza, zile samaki ndogo unazokula na mifupa yake.

Nilimwambia mama mwenyewe kwa heshima. "Mama, maziwa yako inajiuza yenyewe, haina lazima ya hii karatasi." Alisema watu njo wanaipenda, lakini ile mstari ya watoto aliichana mbele yangu. Ya sinizite bado iko, namukumbushaga kila nikipita.

Kwa sasa nakunywa zote mbili. Mashanza ya mama imerudi, na alicheka sana ku simu. Soja ni pia ya mtoto wangu wa miaka saba, yeye maziwa ya ng'ombe inamuvimbishaga tumbo na kumuharisha, na tangu abadilishe anaenda masomo bila kulia, hiyo faida naikubali bila kupinga. Mukienda, fikeni mbele ya saa tatu na chupa yenu imeoshwa na maji ya moto, muulize imepikwa siku gani. Ya tangawizi njo inaishaga ya kwanza.