Boribo, dodo na sindano: lipi linafaa sufuria ya jemu?

Kuanzia Novemba mpaka Februari, ukishuka kwenye masoko ya Unguja, Darajani au Mwanakwerekwe, unakuta maembe yamepangwa mafungu mafungu, na mnunuzi huuliza moja tu: lipi tamu? Kwa anayekula siku ile ile, swali hilo linatosha. Kwa anayetaka kupika jemu halitoshi. Wengi huchukua boribo lililoiva mpaka likabonyea, wakalichemsha na sukari, wakaishia na uji mtamu usioshika mkate. Hapa maembe yanapimwa kwa kazi yake ndani ya sufuria.

Jemu hugandishwa na vitu vitatu vikikutana: pektini, yaani gundi ya asili iliyomo ndani ya tunda, ukali wa tunda hilo, na sukari. Embe bichi lina pektini na ukali wa kutosha. Kila linavyoiva, vyote viwili hushuka na utamu hupanda. Ndiyo maana embe linalosifiwa zaidi mdomoni mara nyingi ndilo dhaifu zaidi jikoni.

Boribo kwa kula ni embe la kifalme: nyama laini ya rangi ya chungwa, maji tele, harufu inayojaza chumba kizima. Maji hayo ndiyo yanayolikosesha alama. Itabidi uchemshe muda mrefu mpaka yapungue, na kila dakika inayozidi motoni huondoa ile harufu uliyolinunulia. Ukilitaka kwa jemu, chagua lililoanza tu kugeuka rangi na bado gumu karibu na kokwa. Alama 6 kwa 10.

Dodo ndilo la kununua. Ni zito, limejaa, nyama imeshikana, na likipikwa hubakisha vipande vidogo badala ya kuyeyuka lote. Rangi ya jemu yake ni ya dhahabu, na hupungua maji haraka, kwa hiyo ladha ya embe haipotei. Alama 9. Moja imekatwa kwa sababu dodo lililoiva nalo ni pole kwa ukali, halijitoshelezi bila ndimu.

Sindano na maembe mengine madogo ya nyuzi yana ladha nzuri sana na kwa kawaida ni rahisi mfukoni, lakini kokwa linakula sehemu kubwa ya tunda, na nyama lazima upitishe kwenye chujio, ama sivyo jemu inaingia menoni. Mwenye subira ayape 8. Mwenye haraka ayaache.

Unaponunua, usiishie kubonyeza tumbo la embe. Nusa penye kikonyo: lililokomaa mtini hunukia pale, lililochumwa changa likavundikwa huwa na ganda la manjano na harufu hafifu, na jemu yake haina maana. Angalia pia vidoa vidogo vilaini vyenye tundu, hasa baada ya mvua. Hapo nzi wa matunda ameshataga, na ndani kuna funza. Chukua na embe bichi moja au mawili kutoka fungu lolote. Hilo ndilo litakalogandisha jemu yako.

Maembe ya kilo 2 yakimenywa hutoa nyama ya kilo 1 na ushei. Kwa kilo 1 kamili ya nyama, gramu 800 ziwe za dodo lililoiva na 200 za embe bichi lililokatwakatwa dogo dogo. Sukari gramu 750, maji ya ndimu vijiko vya chakula 4, maji ya kawaida robo lita. Kokwa za zile ndimu usizitupe; zifunge kwenye kitambaa safi uzipike pamoja, zina pektini yake. Iliki punje 4 zilizopondwa zinapendeza. Karafuu, kwa vile tunazo, mkono hupenda kuzidisha: mbili tu zinatosha, zaidi ya hapo jemu inakuwa chungu na inanuka dawa ya meno.

Tumia sufuria pana yenye kitako kizito, ya chuma kisichoshika kutu. Aluminiamu nyembamba huunguza chini, na ukali wa ndimu huigeuza jemu rangi. Anza na matunda, maji na kile kifurushi cha kokwa, moto wa wastani, dakika 15 mpaka embe bichi lilainike. Sukari isitangulie, maana tunda bichi likipata sukari mapema hukaza na halilainiki tena. Kisha tia sukari na ndimu, punguza moto, koroga mpaka usisikie chenga chini ya mwiko. Hapo ndipo upandishe moto. Engua povu, koroga mpaka kwenye kitako, na vaa mikono mirefu kwa sababu jemu ya embe huruka na kuunguza vibaya. Baada ya dakika 15 hadi 20 anza kupima: kwa huku kwetu usawa wa bahari ni nyuzi 105 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Weka kisahani kwenye friza, dondoshea tone, ngoja dakika moja, lisukume kwa kidole. Likikunjana juu, epua.

Ikikataa kushika hata ikipoa, mara nyingi ukali umepungua au maji yamebaki. Irudishe motoni na kijiko cha maji ya ndimu, dakika 5, kisha pima tena. Ikifanya chenga baada ya wiki, sukari ilichemka kabla ya kuyeyuka. Ikishika ukoko, usiukwangue: mimina iliyo juu kwenye sufuria nyingine mara moja, uuache ukoko ulipo.

Kiasi hiki hujaza chupa 4 za gramu 350. Zichemshe dakika 10, zitoe zikiwa za moto, zijaze jemu ya moto ukiacha nafasi ya nusu sentimita. Jemu ya moto kwenye chupa baridi huipasua. Funga, halafu zisimamishe kwenye maji yanayochemka dakika 10 nyingine, kitambaa kikiwa chini ili zisigongane na kitako.

Kupunguza sukari chini ya gramu 600 kunawezekana, ila hiyo ni ya friji na kuliwa ndani ya wiki mbili tatu, kwani joto na unyevu wa visiwani huleta kuvu haraka. Hata ile yenye sukari kamili, ukishaifungua ikae kwenye friji, na kijiko kinachoingia kiwe kikavu, kisicho na makombo ya boflo.