Mpini wa jambia: pembe ya kifaru au ya nyati?

Haya mabishano hayaishi. Kwa majambia ya zamani ya Yemen na Oman, yale majisu yaliyopinda ya kuvaa kiunoni, kifaru ndo lilikuwa jina kubwa, pembe yake imejaa mpaka ndani, haina mfupa, na ikishikwashikwa miaka na miaka inazidi kung'aa kama kaharabu, ila bei haishikiki na biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku na mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1977. Nyati bei poa, lakini pembe ina uwazi ndani kwahiyo fundi anategemea ile ncha iliyojaa, na ikikauka sana inapasuka. Matunzo yaleyale tu, wadudu wanatafuna zote mbili. Umerithi la babu lenye kifaru? Litunze, usilipeleke sokoni. Unataka la kuvaa harusini? Chukua nyati bana.