Uzoefu wangu: taa za LED kwenye vitufe 48 vya miksa ya zamani

Miksa yangu ya sauti ni ya analogi, ina chaneli 24, na vitufe vyake havikuja na taa hata moja. Mchana hilo halina shida. Lakini ukumbi ukishazimwa taa nilikuwa napapasa gizani nikitafuta myuti (kitufe cha kunyamazisha) ya chaneli ya 17, na usiku mmoja nikafungua maikrofoni ya jirani yake. Mwenye maikrofoni alikuwa bado nyuma ya pazia akizungumza mambo yake, na ukumbi mzima ukamsikia. Wiki hiyohiyo niliagiza seti ya kuwekea vitufe taa: LED za milimita 3, nyekundu, njano na kijani, rizista zake (vipande vya kuzuia umeme usizidi), vifuniko vya plastiki vinavyopitisha mwanga, na kibodi, yaani bodi ndogo ya elektroniki, cha kupunguza mwanga. Nimefanya nayo kazi miezi sita.

Vifuniko ni vizuri mno. Plastiki yake ina weupe wa maziwa, kwa hiyo mwanga unaenea kifuniko kizima badala ya kuwa nukta moja kali katikati. Vinashika barabara kwenye swichi na havichezi kidole kikibonyeza. Kwa vifuniko hivyo tu ningeinunua seti tena.

Rizista nilizitoa zote. Seti inakuja na za omu 150, ambazo kwa umeme wa voti 5 zinaipa LED nyekundu takriban miliampea 20. Kiasi hicho ni cha taa ya kuonekana kutoka mbali, nawe umekaa gizani na kitufe kiko sentimita 50 kutoka machoni. Nilipowasha chaneli nne za kwanza nilishindwa kusoma maandishi yaliyo pembeni yake. Isitoshe, taa 48 za namna hiyo zinataka karibu ampea 1 nzima. Nikaweka rizista za omu 1,500, umeme ukashuka hadi miliampea 2, na mwanga unatosha kabisa. LED za siku hizi hazihitaji kulishwa sana.

Kabla hujashika solda, fungua miksa uangalie swichi zina migusano mingapi. Swichi zangu za myuti zina jozi moja ambayo sauti haiitumii, nikapitisha umeme wa LED humo: myuti ikibonyezwa, nyekundu inawaka, ikiachiwa inazima. Swichi za solo, zile za kusikiliza chaneli moja peke yake, hazina jozi ya ziada. Pale taa inaweza kuwaka muda wote tu, bila kujua kama kitufe kimebonyezwa au la, na taa inayowaka kwenye solo isiyobonyezwa inampotosha fundi mitambo. Nikatumia njano na rizista za omu 10,000, ikawa ni mng'ao hafifu wa kukuonyesha kitufe kilipo, hauwezi kudhaniwa kuwa ishara. Maelezo ya seti hayagusi tofauti hii hata kidogo, na mimi naona ndiyo ya kwanza kuelezwa.

Sasa kibodi cha kupunguza mwanga. Hiki sikipendekezi kwa mtu yeyote wa sauti. Niliunganisha kila kitu, nikavaa hedifoni, nikapandisha masta (sauti kuu ya miksa), na nyuma ya ukimya kulikuwa na mlio mwembamba kama wa mbu. Nikizungusha kirungu cha mwanga, mlio unabadilika. Kibodi hakipunguzi umeme. Kinauwasha na kuuzima haraka haraka, na multimita (kipimo cha umeme) ilisoma karibu mara 1,000 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini sikio la binadamu linasikia kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo mlio huo umeketi katikati kabisa ya sauti. Na mimi nilikuwa nimechukua umeme wa taa humohumo ndani ya miksa, basi kila mpigo ulirudi kupitia ethi (njia ya umeme kurudi) moja na sauti. Hata myuti ikibonyezwa ilisikika "tik" kwenye spika.

Nilihangaika wikendi nzima nikibadilisha nyaya. Dawa ikawa ni kuzipa taa umeme wake zenyewe: transfoma ndogo ya kawaida, diodi nne, kapasita, na LM317, chipu ya kudhibiti voti, yenye potensiomita (kirungu) ya kushusha voti kutoka 5 kwenda chini. LM317 haiwashi wala kuzima chochote, inashusha voti taratibu, na taa zinafifia pamoja. Nyaya zake za kurudi haziigusi kabisa ethi ya sauti. Mlio umekwisha, na "tik" imekwisha.

Kuhusu kuchoma solda: upande wa LED uliokatwa bapa ni hasi, na ipime kila moja kwa multimita kabla ya kuichoma. Mimi sikupima ya chaneli ya kwanza, nikaichoma kinyume. Usikae na chuma cha solda zaidi ya sekunde 3 kwenye mguu wa swichi. Swichi ya chaneli ya 6 ililainika plastiki ndani, kitufe kikanasa chini, ikabidi niitoe nitafute nyingine.

LED za kijani zimebaki kwenye mfuko wake. Zinataka karibu voti 3 wakati nyekundu na njano zinaridhika na 2, hivyo ukishusha mwanga zinazima kabla ya wenzake.

Jana usiku nilifanya kazi ya saa tatu kwenye giza totoro, vitufe vyekundu 19 vikiwa vinawaka kati ya 24, na tochi sikuitoa mfukoni.