Vidole viwili tu: jioni yangu na wapiga gitaa wa ujana wangu, Lubumbashi

Nilikaa upande wa kushoto wa jukwaa, mstari wa pili, kwa dola 10, na ningelipa hata mara mbili. Pale mkono wa kulia wa mzee mpiga gitaa ulionekana wote: kidole gumba kikishuka kwenye nyuzi nene, cha shahada kikikimbia juu ya nyembamba, vingine vitatu vimetulia. Ndiyo namna ya Katanga, kusini mwa Kongo, namna ya mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo.

Likasi ndiko nilikokulia, kwenye kambi ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi. Wazee hawa wawili walikuja kutupigia kwenye harusi nikiwa na miaka 15, wao wakiwa vijana wenye suruali pana chini. Watoto hatukuruhusiwa kuingia, tukabanana dirishani. Mwenda mwenyewe sikuwahi kumwona. Kila mara nilijiambia nitamwona mwaka kesho, na mwaka 1990 akafa kwa ajali ya gari huko Zambia. Kwa hiyo niliposikia hawa wawili bado wanapiga, sikungoja.

Mmoja alipandishwa ngazi kwa kushikwa mkono. Nilishikwa na uchungu, mpaka alipokaa na kuanza kupiga.

Tiketi iliandikwa saa kumi na mbili jioni. Tulianza saa mbili kasoro. Hilo tumelizoea. Lililoniudhi ni sono, yaani mitambo ya sauti. Kijana wa mitambo aliweka besi na mwangwi mwingi hadi nyimbo tatu za kwanza zikawa uji. Gitaa la vidole viwili ni watu wawili wanaosemezana, na ukiweka mwangwi maneno yao yanagongana. Mzee akakata wimbo katikati, akavuta kiti hadi ukingoni mwa jukwaa, akasema, "Mwanangu, funga hiyo. Hawa watu wana masikio."

Kuanzia hapo ukumbi ulinyamaza. Akafunga penseli kwenye shingo ya gitaa kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili kupandisha sauti, vilevile kama zamani, akikaza fundo kwa meno. Mwenzake akachukua chupa ya Fanta na kijiko. Walipoingia kwenye Masanga, wimbo wa Mwenda, mama mmoja nyuma yangu akaanza kuimba taratibu, asikosee hata neno. Sauti ya mzee imechakaa, sehemu za juu anaziruka. Gitaa lake halijachakaa hata kidogo.

Vijana wa karindula, muziki wa banjo kubwa, ndio waliofunga onyesho, na lile pipa lao la chuma lenye ngozi ya mbuzi na nyuzi nne. Naupenda muziki huo, umezaliwa kwetu, lakini wangetangulia wao. Baada ya wazee mtu anataka kwenda nyumbani na kile alichokisikia.

Nje nilimsalimia mzee, nikamwambia natoka Likasi. "Wa kambi gani?" Nikamtajia. Akanishika mkono, asiuachie mpaka gari lake lilipofika.

Wanapiga tena mwisho wa mwezi. Nimeshalipia viti viwili upande uleule wa kushoto, kimoja cha mama.