Nimepiga Linux kwenye tableti ya mtumba: uzoefu wangu

Tableti niliinunua Mwanjelwa, Mbeya, mtumba, shilingi 90,000. Ni ya inchi 8, prosesa Intel Atom Z3735F, RAM GB 2, hifadhi GB 32. Ilikuwa na Windows 10, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo sikutaka kuweka hesabu zangu humo, nikaamua kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure. Mimi nakusanya parachichi Rungwe. Kila mzigo ukipimwa lazima niandike jina la mkulima, kilo na bei palepale shambani, na kioo cha simu hakitoshi jedwali.

Nianze na jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha: tundu ni moja tu, ndilo la chaji na ndilo la OTG, yaani la kuchomekea vifaa vya USB. Ukishachomeka hab yenye kibodi, mausi na flashi, huchaji tena. Kazi nzima inakwenda kwa betri, na betri ya mtumba unaijua. Niliiacha kwenye chaji usiku kucha ikafika 100. Nilipomaliza kusakinisha ilikuwa imebaki 31. Usithubutu kuanza ikiwa nusu.

Flashi ya kwanza niliyoiwekea Linux haikuonekana kabisa. Prosesa ni ya biti 64 lakini UEFI yake, ile programu ndogo inayoiwasha mashine, ni ya biti 32, na Linux niliyokuwa nayo ilikuwa na faili la kuwashia la biti 64 peke yake. Jioni nzima ilipotea nikidhani flashi ni mbovu. Nikashusha Debian 12, aina mojawapo ya Linux, toleo linalobeba biti 32 na 64 pamoja. Hilo lina faili la bootia32.efi, na tableti ikawaka mara moja. Maandishi yalitokea yamelala ubavu kwa sababu kioo chenyewe kiwandani kimefungwa wima, basi nikaiegemeza tableti kwenye chupa ya chai na kuendelea. WiFi ilishika bila shida.

Kilichoniumiza ni tachi. Kioo kinang'aa, nagusa, hakuna kitu. Nilishaamini nimeiua mashine ya watu. Mdogo wangu anayesoma MUST, chuo kikuu cha Mbeya, akaniambia, "Kaka, andika dmesg kwanza," yaani amri inayoonyesha taarifa za mfumo. Kati ya mistari mingi ukawemo mmoja wa silead, yaani chipu ya tachi, ukilalamika kosa -2, yaani faili halijapatikana. Tachi za Silead hazina programu yao ndani. Kila tableti ikiwaka, mfumo ndio unaoipakia, na kila modeli ina faili lake. La kwangu lilikuwa ndani ya draiva (programu za kuendeshea vifaa) za Windows, ambazo nilikuwa nimeshazifuta! Bahati yangu Gregor Riepl, anayejulikana mtandaoni kama onitake, amekusanya mafaili hayo kwenye hazina yake iitwayo gsl-firmware. Tukalikuta la modeli yangu, tukaliweka kwenye /lib/firmware/silead, tukazima na kuwasha. Nilipogusa menyu ikafunguka, dogo akapiga makofi. Wewe nakili draiva zote za Windows kwenye flashi kabla hujafuta chochote.

Sasa natumia Xfce, mandhari nyepesi ya Linux yenye menyu na madirisha, na kibodi ya kwenye kioo ni Onboard. Jedwali la LibreOffice lenye mistari 600 linafunguka polepole kidogo, lakini halistaki. Fayafoksi inabeba kurasa mbili tatu, ukizidisha hapo inaelemewa. Kamera hazifanyi kazi, zote mbili, kwa hiyo picha za mzigo napiga kwa simu. Ukiilaza bila kuizima inakula chaji, asubuhi unakuta imekwisha. Mimi naizima kabisa. Nikiitumia mfululizo nakaa nayo kama saa nne, na siku ya kupima mzigo zinanitosha.

Kwa kazi ya kuandika na hesabu naipa 8 kati ya 10. Kama unataka kupiga video au kutumia programu za benki, hii haikufai.

Flashi yenye Debian ninayo, na Jumapili nakuwa Uyole. Mwenye tableti ya namna hii aje nayo, ila ije imejaa chaji.