RTS,S na R21: chanjo mbili za malaria zilizopitia Bagamoyo

Mama mwenye mtoto akiniuliza chanjo ipi bora, huanza na yanayotokea mwilini. Zote mbili huifundisha kinga kuitambua protini inayokifunika kimelea kabla hakijajificha kwenye ini, na zote hubebwa na chembe ya protini ya homa ya ini B. Ila katika RTS,S sehemu kubwa ya chembe ni protini ya homa ya ini tupu. Ya malaria ni kidogo. R21 imesheheni ya malaria, basi kinga inaelekezwa kwa adui mwenyewe. Vichocheo, yaani viungo vya kuiamsha kinga, navyo vinatofautiana, ingawa vyote vina dondoo la mti mmoja wa Chile!

RTS,S ndiyo kubwa kiumri: ilijaribiwa Bagamoyo na Korogwe, Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza 2021. R21 ilijaribiwa Bagamoyo pia, ikapendekezwa 2023.

Tafadhali, asilimia 75 za ufanisi wa R21 katika kuzuia malaria zisiwekwe kando ya 36 za RTS,S. Za kwanza ni za mwaka mmoja, penye malaria ya msimu. Za pili ni za takriban miaka minne.

Bei ndiyo inayonishawishi: R21 ni chini ya dola 4 kwa dozi. Ningeichagua hiyo. Lakini iliyopo kliniki ndiyo ya kumpa mtoto leo, dozi zote nne.